Nyumba Ishirini, Ratiba Moja: Jinsi ya Kupanga Ujenzi Unaojirudia Usipojua Kesho Italeta Nini

Chukua nyumba 20 za ramani moja. Msingi unachukua siku 3, kuta siku 4, kupaua siku 2, umeme na mabomba siku 3, lipu siku 5, na kumalizia (milango, madirisha, rangi) siku 3. Nyumba moja imekwisha kwa siku 20. Zote 20 je?

Ukizijenga moja baada ya nyingine ni siku 400. Ukiacha kila kikosi kihamie nyumba inayofuata bila kusimama, zinashuka hadi 153. Ukikubali mafundi wakae bure kidogo hapa na pale, 115. Ukisawazisha kasi ya vikosi, 78. Nyumba ni zilezile na kazi ni ileile; kilichobadilika ni namna vikosi vinavyofuatana.

Hiyo 78, nikuambie mapema, hutaipata. Inadhani mvua haitanyesha, lori la saruji halitachelewa na hakuna fundi atakayeugua. Niliwahi kukabidhi ratiba ya aina hiyo, imenyooka kama rula. Wiki ya tatu hakuna aliyekuwa anaitazama tena. Kila msimamizi alikuwa na ratiba yake kichwani. Mwongozo huu unakuchukua kutoka kwenye 78 ya karatasi hadi kwenye tarehe unayoweza kuitaja mbele ya mwenye mradi bila kumeza mate. Hesabu nimeziweka kwenye nyumba kwa sababu zinaonekana kirahisi, lakini ghorofa za jengo refu, vipande vya barabara au mita za bomba la maji hufuata mwendo uleule.

Kwa nini ratiba ya visanduku inakuangusha

Ratiba nyingi hupangwa kwa mbinu ya njia muhimu: unaorodhesha kazi, kila moja kwenye kisanduku chake, unaziunganisha kwa mishale, unatafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Mbinu hiyo ilizaliwa mwaka 1957 katika kampuni ya DuPont. Ndugu yake, PERT, ilitoka kwenye mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani mwaka 1958. Ni mbinu nzuri pale ambapo kila kazi hufanyika mara moja.

Kwenye nyumba 20 zenye kazi 6 unapata visanduku 120, na programu ya kupanga ratiba haijui kwamba "lipu nyumba ya 7" na "lipu nyumba ya 8" ni watu walewale wenye mwiko uleule. Itakwambia kila kazi ianze mapema iwezekanavyo. Wapauaji wataitwa nyumba ya 1 siku ya 7, wamalize siku ya 9, wakae siku 2 wakisubiri kuta za nyumba ya 2, wafanye kazi siku 2, wakae tena. Hakuna kikosi kitakachokusubiri hivyo. Wataondoka waende saiti nyingine, na siku utakayowahitaji utaanza kupiga simu.

Mbinu ya mistari ya mwendo ilianzia kiwandani. Goodyear, watengenezaji wa matairi, waliitumia miaka ya 1940 kufuatilia uzalishaji, jeshi la majini la Marekani likaichukua, kisha wajenzi nao wakaiona. Inaweka siku kwenye mhimili wa chini na nyumba kwenye mhimili wa kusimama. Kila kikosi ni mstari mmoja unaopanda. Mstari uliosimama wima zaidi ni kikosi chenye kasi. Uliolala ni kikosi cha polepole. Visanduku 120 vimekuwa mistari 6, na mgongano unauona kwa macho.

Hatua ya 1: Gawa saiti katika sehemu

Nyumba tayari ni sehemu. Kwenye jengo refu, ghorofa moja, au nusu yake kama ni kubwa. Kwenye barabara, kipande ambacho kikosi kimoja kinakimaliza kwa siku chache. Sharti kubwa ni kwamba vikosi vyote vitumie mgawanyo uleule. Wachimbaji wakihesabu kwa mita 500 na walaza bomba kwa mita 300, mistari haitazungumza.

Sehemu ndogo zinaharakisha mradi kwa sababu kikosi kinachofuata kinaanza mapema. Lakini ukizikata ndogo mno, nusu ya siku itaishia kwenye kubeba vifaa na kufunga jukwaa. Mimi hupendelea sehemu ya siku 2 hadi 5 kwa kikosi.

Hatua ya 2: Tafuta kasi ya kweli

Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika, tena mapema. Ukimuuliza fundi umeme "nyumba moja siku ngapi?" atasema 3, nawe utaandika 3. Muulize maswali matatu badala ya moja. Mambo yakienda vizuri kabisa, siku ngapi? Kwa kawaida je? Na ile nyumba iliyowahi kukutesa ilichukua ngapi? Tuseme anajibu 2, 3 na 5.

Kanuni ya PERT inasema wastani ni makisio ya chini, jumlisha ya kawaida mara 4, jumlisha ya juu, gawanya kwa 6. Yaani (2 + 12 + 5) ÷ 6 = 3.17. Tofauti na 3 inaonekana ndogo, hata utaona aibu kuitaja kikaoni. Izidishe kwa nyumba 20: zaidi ya siku 3 zimepotea kabla hata ya bahati mbaya kutokea. Kazi za ujenzi zina tabia hiyo. Zinaweza kuwahi kwa siku moja lakini kuchelewa kwa tatu, kwa hiyo siku za "kawaida" karibu kila mara ni pungufu ya wastani. Kwenye kazi ya mara moja kosa hilo linapita bila kuonekana. Kwenye kazi inayojirudia linajirudia nalo.

Mtawanyiko wake, yaani kiasi siku zinavyoyumba kuzunguka wastani, ni (5 − 2) ÷ 6 = siku 0.5 kwa nyumba. Iweke namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Kuna pia suala la mikono kuzoea kazi. Mwaka 1936 mhandisi wa ndege T. P. Wright alichapisha hesabu ya viwanda vya ndege: kila idadi ya ndege inapoongezeka maradufu, kazi inayohitajika kwa ndege moja inapungua kwa asilimia isiyobadilika. Ujenzi hauna mteremko mkali kama wa ndege, lakini upo. Ukichukua kiwango cha asilimia 90, nyumba ya kwanza iliyochukua siku 10 inafuatwa na ya pili kwa siku 9, ya nne kwa 8.1, ya nane kwa 7.3. Kwa hiyo usipime kasi ya mradi mzima kwa nyumba ya kwanza, wala usiahidi nyumba ya kwanza kwa kasi ya nyumba ya kumi. Na mazoea hayo yamo kwenye watu, hayamo kwenye karatasi. Kikosi kikiondoka na kuja kingine, unaanza upya.

Hatua ya 3: Chora mistari

Kanuni ni mbili tu. Kikosi kinachofuata kikiwa cha polepole kuliko kilichotangulia, mistari inaachana kadiri inavyopanda. Mahali pa hatari ni nyumba ya kwanza, kwa hiyo anza mara nyumba ya 1 inapokuwa tayari. Kikiwa na kasi zaidi, mistari inakaribiana. Mahali pa hatari ni nyumba ya mwisho. Hapo unapanga kurudi nyuma: tafuta siku ambayo nyumba ya 20 itakuwa tayari, kisha hesabu kuja chini hadi nyumba ya 1.

Tuifanye kwa mfano wetu. Msingi, siku 3 kwa nyumba: siku ya 0 hadi 60. Kuta ni za polepole zaidi, zinaanza siku ya 3 na kwisha siku ya 83. Wapauaji wana kasi, siku 2 kwa nyumba. Nyumba ya 20 wanaipata siku ya 83, rudi nyuma nyumba 19 mara siku 2, wanaanza siku ya 45 na kumaliza 85. Umeme na mabomba ni wa polepole kuliko paa, wanaanza siku ya 47, wanamaliza 107. Lipu inaanza 50, inakwisha 150. Kumalizia kuna kasi kuliko lipu: nyumba ya 20 siku ya 150, toa 57, wanaanza siku ya 93 na kumaliza 153.

Sasa tazama nyumba ya 1. Kuta zake zimekwisha siku ya 7, paa linakuja siku ya 45. Siku 38 imekaa wazi juu. Ukiwaleta wapauaji siku ya 7, watamaliza nyumba ya 20 siku ileile ya 85, ila watakuwa wamekaa bure siku 38 katikati. Faida inakwenda kwa wanaowafuata. Umeme na lipu wanaanza mapema, na ukifanya hivyo kwa kila kikosi mradi unakwisha siku ya 115. Bei yake ni siku 38 za wapauaji, 19 za umeme na 38 za wamaliziaji kukaa bure: siku 95 za vikosi. Nani atazilipa, na watakaa kweli? Hilo ndilo swali la kumpelekea mwenye mradi, naye ana haki ya kuchagua. Njia ya katikati ipo: waite wapauaji mapema kwa nyumba 6, waache waondoke kwa makubaliano yenye tarehe, warudi kwa 14 zilizobaki.

Siku za zege kukomaa na lipu kukauka nimeziacha nje ili hesabu ionekane. Kwenye ratiba yako ziweke kama pengo la lazima kati ya mistari, na usizichanganye kamwe na akiba. Siku ya kukomaa hailiwi hata mradi ukichelewa. Siku ya akiba ipo ili iliwe.

Hatua ya 4: Weka mdundo

Kinachokula muda katika ile 153 ni mistari yenye miteremko tofauti. Chagua mdundo mmoja, yaani kila baada ya siku ngapi kila kikosi kinaachia nyumba moja, kisha vuta vikosi vyote viufuate. Tuchukue siku 3. Kuta zinaongezewa watu hadi zifike 3. Kikosi cha paa kinapunguzwa hadi 3. Lipu inagawanywa kuwa vikosi viwili vidogo kidogo, kila kimoja siku 6 kwa nyumba, vikipishana: kimoja nyumba za witiri, kingine za shufwa. Nyumba moja sasa inachukua siku 21, moja zaidi ya mwanzo, lakini kila siku 3 inatoka nyingine: 21 + (19 × 3) = 78.

Jengo la Empire State mjini New York ndilo mfano unaotajwa sana. Ujenzi ulianza Machi 1930 na likafunguliwa Mei 1, 1931, ghorofa 102. Fremu yake ya chuma ilifikia wastani wa ghorofa nne na nusu kwa wiki. Watu husifu kasi hiyo. Mimi naona cha kusifu zaidi ni kwamba vikosi vingine viliifuata bila kukanyagana, na kwenye kila ghorofa kulikuwa na reli ndogo za mikokoteni ili vifaa vimfikie fundi badala ya fundi kuvifuata.

Usipange kikosi chenye wastani wa siku 3 kwenye mdundo wa siku 3. Kikichelewa nyumba moja hakina nguvu ya kufidia, na umeme wetu wenye wastani wa 3.17 utabaki nyuma tangu nyumba ya kwanza. Ongeza msaidizi hadi wastani ushuke kwenye 2.7 hivi. Mhasibu ataona mafundi wamemaliza saa tisa na kusema kuna watu wa ziada. Mwelekeze kwenye aya mbili zinazofuata.

Hatua ya 5: Akiba kati ya vikosi

Vikosi viwili vinafuatana. Kila kimoja, kwa wiki, kinaweza kufanya nyumba 1 au nyumba 3, kama sarafu inavyoanguka. Wastani wa kila kimoja ni nyumba 2. Cha pili kinaweza kufanya tu zile alizoachiwa na wa kwanza. Wa kwanza akitoa 1, wa pili hata akiwa na nguvu ya 3 anafanya 1. Wa kwanza akitoa 3 lakini wa pili ana nguvu ya 1, ni 1. Ni pale tu wote wawili wanapokuwa na wiki nzuri ndipo zinatoka 3. Matokeo manne yenye nafasi sawa: 1, 1, 1 na 3. Wastani 1.5.

Hakuna aliyefanya uzembe, kila mmoja ana wastani wa 2, na wiki hiyo robo ya kazi imeyeyuka. Weka kikosi cha tatu nyuma yao, nafasi ya wote watatu kupatia pamoja ni moja kati ya nane, wastani unashuka hadi 1.25. Kuchelewa kunarithiwa, kuwahi hakurithiwi. Na ratiba ya 78, iliyosawazishwa vizuri bila hata siku moja kati ya mistari, ndiyo iliyo wazi zaidi kwa ugonjwa huu. Kinga yake ni nyumba zilizokwisha tayari zikisubiri kati ya kikosi na kikosi, ili wa pili asitegemee sarafu ya wa kwanza ya wiki hii.

Nafasi hiyo iwe ya siku ngapi? Rudi kwenye ile 0.5 ya fundi umeme. Kwa nyumba 20 mtawanyiko hauzidishwi kwa 20 bali kwa kipeuo cha pili cha 20, ambacho ni 4.47, kwa kuwa siku nzuri na mbaya zinafidiana. Unapata siku 2.2. Chukua mara mbili yake, ni kama siku 5, hiyo ndiyo akiba kati ya umeme na lipu. Nimeipa akiba kamili kwa sababu lipu ni vikosi viwili. Vikisimama, ni watu wengi waliosimama. Kati ya paa na umeme naweka 2, maana kupaua kunatabirika na kikosi cha umeme ni kidogo. Kati ya msingi na kuta ni 5, kwa kuwa ardhi huficha mambo yake hadi uichimbe. Kuta na paa 3, lipu na kumalizia 4. Jumla 19, na 78 imekuwa 97.

Hizi ni siku 56 pungufu ya 153, na sasa mistari ina pa kupumulia.

Lakini hesabu ya kipeuo cha pili ina mtego. Inafanya kazi endapo nyumba ya 3 kuchelewa hakuhusiani na nyumba ya 4 kuchelewa. Kwenye kazi inayojirudia mara nyingi kunahusiana sana. Msimamizi ni yuleyule, msambazaji ni yuleyule, mchoro wenye kosa la kimo cha dirisha umenakiliwa mara 20, mvua hainyeshi nyumba moja ikaacha jirani yake. Vyote vikienda pamoja kabisa, mtawanyiko ni 0.5 × 20 = siku 10, si 2.2. Ukweli uko katikati. Kwa hiyo gawa hatari zako mafungu mawili. Za nyumba mojamoja (fundi kaugua, bomba limekatika) zinakaa kwenye akiba kati ya vikosi. Za kugusa nyumba zote pamoja (msimu wa mvua, saruji kukosekana) ziwekee akiba moja mwishoni mwa mradi, inayoshikwa na msimamizi mkuu peke yake. Ukizigawa ndani ya kila nyumba zitaliwa zote, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu kazi hujaza muda iliopewa.

Hatari ya tatu, kosa la mchoro, haina akiba ya kuitosha. Dawa yake ni kujenga nyumba ya 1 hadi mwisho, siku kadhaa kabla ya wimbi la nyumba nyingine, na kuikagua kama vile unaikabidhi. Kila kosa utakalolipata hapo umelizuia lisijirudie mara 19.

Hatua ya 6: Ijaribu ratiba kabla haijajaribiwa

Miaka ya 1940, mwanahisabati Stanislaw Ulam na wenzake kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, waliona kwamba tatizo gumu kulipiga hesabu linaweza kuchezwa kama kamari mara nyingi na kuhesabu matokeo. Mbinu hiyo wakaipa jina la mji wa kasino, Monte Carlo. Huhitaji programu ya gharama, Excel inatosha.

Safu mlalo ziwe nyumba 1 hadi 20, na kila kikosi kiwe na safu wima tatu: siku, kuanza, kumaliza. Kwenye "siku" usiandike namba moja. Weka pembeni orodha ya siku kumi zilizowahi kutokea kweli kwa kazi hiyo, na kanuni ya INDEX pamoja na RANDBETWEEN ichague mojawapo. "Kuanza" ni MAX ya vitu vitatu: siku iliyopangwa kwenye ratiba, siku kikosi kilipomaliza nyumba iliyotangulia, na siku kikosi kilichopita kilipoachia nyumba hii. "Kumaliza" ni kuanza jumlisha siku. Kila ukibonyeza F9 mradi mzima unajengwa upya kwa bahati nyingine.

Ongeza kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: kizidishi cha pamoja. Chagua namba moja ya bahati kwa kila kundi la nyumba 5, tuseme kati ya 0.9 na 1.4, na izidishe siku za vikosi vyote kwenye kundi hilo. Hapo mvua na uhaba vinagusa wote pamoja. Bila kizidishi hicho matokeo yatakuwa mazuri kupita kiasi, utaahidi tarehe ya uongo huku ukiwa na jedwali la kuitetea.

Rudia mara 1000, panga tarehe za mwisho kutoka ndogo hadi kubwa, soma ya 800. Hiyo ndiyo tarehe ambayo mara 8 kati ya 10 utaitimiza. Mpe mwenye mradi hiyo, na vikosi uwape ratiba ya mdundo. Soma pia siku za kukaa bure kwa kila kikosi. Kikosi kinachokaa sana kinakuonyesha wapi akiba ni ndogo. Hamisha siku kutoka palipo na ziada, cheza tena.

Hatua ya 7: Fuatilia mteremko

Asilimia ya kazi iliyokwisha ni namba ya kufurahisha vikao. Kinachokuambia ya kesho ni mteremko wa mstari, yaani kila baada ya siku ngapi kikosi kinaachia nyumba.

Lipu ilipangwa nyumba moja kila siku 3. Nyumba 4 za kwanza zimetoka kila siku 3.6. Kati yake na kumalizia kuna akiba ya siku 4, na kila nyumba inakula 0.6. Nyumba ya 4 pengo limebaki 2.2. Nyumba ya 7 limebaki 0.4. Nyumba ya 8 wamaliziaji wanafika mlangoni na kukuta ukuta bado mbichi. Umelijua hilo nyumba nne kabla. Kwa asilimia ungekuwa bado unaandika "tunaendelea vizuri".

Tafuta chanzo kwanza. Mara nyingi mafundi hawana kosa: mchanga unakuja mchana badala ya asubuhi, au umeme wanaacha mifereji ukutani haijazibwa na watu wa lipu wanaifanya kazi yao. Chanzo kikipatikana, kikosi cha tatu cha lipu kwa muda kinapeleka mdundo kwenye 2.4 hata kabla ya kasi ya wale wawili kurudi, na nyumba 3 zinatosha kurudisha pengo kwenye siku 4. Nyumba za kukipa zipo, kwa kuwa umeme wamekuwa wakizikamilisha zikajipanga foleni.

Ikiwa kikosi cha ziada hakipatikani, wacheleweshe wamaliziaji. Kwa kasi ya 3.6, nyumba ya 20 itawafikia siku 7.4 baada ya walipotarajia, waanze leo au waanze wiki ijayo. Ukiwaacha waanze leo watasimama nyumba baada ya nyumba, siku 7.4 zote kwa jumla. Ukiwaambia waje siku 8 baadaye watafanya kazi mfululizo, na mradi utasogea chini ya siku moja zaidi. Simu hiyo ni ngumu kuipiga, mwenye mradi anapenda kuona watu saiti, lakini ipige.

Kila Ijumaa jioni kaa na wasimamizi wa vikosi. Kila mmoja aseme nyumba gani ataachia wiki ijayo, na ahadi iandikwe ikiwa tu vifaa, mchoro na nyumba yenyewe viko tayari. Ijumaa inayofuata hesabu zilizotimia, na kwa kila isiyotimia andika sababu kwa maneno machache: "fremu za milango hazijafika", "mvua", "kazi ya kurudia". Baada ya wiki tano sababu zitakuwa zimejipanga zenyewe, mbili au tatu zikibeba sehemu kubwa ya ucheleweshaji. Kisha chora upya mistari kwa kalamu nyekundu juu ya ile ya mpango, kwa kasi halisi ya nyumba tatu zilizopita, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani mahali mafundi wanapopita wakienda kuchukua vifaa.